Kuinua pikapu ya fowili: kinachobadilika chini ya gari, na jinsi ya kulitunza

Ukiinua Hilux kwa inchi mbili, difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, haipandi hata milimita moja. Ekseli ya nyuma imebebwa na magurudumu, na magurudumu yamekanyaga ardhi. Springi uliyobadilisha imekaa juu ya ekseli, kwa hiyo inasukuma chesesi (fremu ya chuma ya gari) na bodi kwenda juu, basi. Jiwe lililogonga difu jana litaigonga na kesho. Kinachoinua difu ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, hakuna kingine.

Naanzia hapo kwa sababu watu wengi wanaopeleka pikapu gereji ili "ipandishwe" wanalipia kitu ambacho hakuna aliyewaeleza. Mtu ameona Land Cruiser ya mkonga, lile bomba la kuvutia hewa ya juu, imesimama juu pale Arusha, imebeba tairi pana na bampa ya chuma, naye anataka ya kwake ifanane nayo. Hakuna ubaya. Lakini gari lile limejengwa kama mnyororo: ukivuta pete moja, nyingine zote zinasogea. Ukipandisha bodi, shafti zinapinda, usukani unabadilika tabia, mpira wa breki unavutika, na hata taa zinawapiga macho wanaokuja mbele yako. Msimamo wangu ni kwamba inchi moja na nusu hadi mbili, zikifungwa vizuri kwenye gari lililo zima, zinafaa kuliko inchi nne kwenye gari lenye bushi (mipira ya viungo) zilizokwisha. Nitaeleza kwa nini, nikitumia magari mawili ambayo karibu kila fundi wa kwetu ameyalalia chini: Hilux ya kuanzia Vigo ya mwaka 2004 hadi Revo, na Land Cruiser 79.

Kuinua kunakupa nini hasa

Faida ya kwanza ni tumbo la gari. Ukivuka tuta la korongo, sehemu ya katikati ya chesesi, ekzosi na tanki la mafuta vinapata nafasi. Ya pili ni pua na mkia: bampa ya mbele haichimbi ukishuka mtoni, na ya nyuma haikwanguzi ukipanda ng'ambo. Ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa, ni nafasi ya tairi kubwa zaidi kuzunguka na kukata kona bila kukwaruza bodi.

Tupige hesabu ya tairi. Hilux nyingi zinakuja na 265/65R17, ambayo kipenyo chake ni takriban milimita 776. Ukiweka 265/70R17 unafika milimita 803. Tofauti ni 27, lakini difu inapanda nusu yake tu, yaani milimita 13, kwa kuwa nusu nyingine inakwenda juu ya ekseli. Ukiweka 285/70R17, kipenyo ni kama milimita 831, na difu imepata milimita 27. Hiyo ni zaidi kidogo ya inchi moja, na ndiyo faida yako yote chini ya difu baada ya gharama ya tairi tano.

Kwenye Hilux kuna tofauti ya kukumbuka. Mbele haina ekseli ya kipande kimoja: kila gurudumu lina wishiboni zake (mikono ya chuma inayolishika) na koili yake, na difu ya mbele imefungwa kwenye chesesi. Kwa hiyo ukiinua mbele, difu ile inapanda pamoja na bodi. Wishiboni za chini zinabaki chini, lakini zile zinaweza kugonga jiwe bila kumwaga mafuta. Land Cruiser 79 ina ekseli nzima mbele na nyuma, na tangu ilipotoka mwaka 1999 mbele inatumia koili. Kwake, difu zote mbili zinabaki pale pale zilipokuwa.

Njia nne za kupandisha, na mbili kati yake ambazo sizipendi

Njia halali ni kubadilisha springi na shokapu kwa pamoja. Koili ya mbele inakuwa ndefu au ngumu zaidi, na springi za nyuma, zile pande za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, zinafinyangwa zikiwa na upinde mkubwa. Shokapu zinakuwa na urefu unaolingana na springi hizo. Ukibadilisha springi ukaacha shokapu fupi za zamani, gurudumu likining'inia shimoni shokapu ndiyo itakayobeba uzito wa ekseli yote, na itang'oka masikio yake.

Njia ya pili ni spesa, kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya shokapu ya mbele ya Hilux. Ni rahisi na bei yake ni ndogo. Tatizo ni kwamba shokapu na koili ni vilevile, vimeshushwa tu. Gurudumu likining'inia linashuka chini kuliko walivyokusudia kiwandani, na boli jointi (viungo vya wishiboni na gurudumu) pamoja na sivi jointi (viungo vya shafti inayozungusha gurudumu) zinapinda kupita kiasi. Spesa nyembamba inaweza kuvumiliwa kwenye gari linalokwenda shamba na kurudi. Spesa nene siipendi kabisa.

Nyuma kuna shekeli ndefu, yaani kile kipande kinachounganisha ncha ya springi na chesesi, na kuna matofali. Shekeli ndefu inashusha ncha moja tu ya springi, hivyo ekseli inazunguka kidogo na pua ya difu inabadili mwelekeo. Tofali la chuma kati ya springi na ekseli linaiweka ekseli mbali na springi. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu kwenye mchanga, ekseli inajaribu kujizungusha na kuikunja springi, na gari linaruka mapigo mazito nyuma. Matofali mawili yaliyopandishwa moja juu ya jingine nimeyaona kwenye pikapu zinazobeba abiria. Hayo ni hatari kwa watu, na fundi anayeyafunga anapaswa kukataa kazi.

Pembe

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuanze na sivi jointi za mbele za Hilux. Chesesi ikipanda, difu ya mbele inapanda nayo, lakini gurudumu linabaki chini. Shafti iliyokuwa karibu kulala sasa inateremka kwa mteremko mkali. Sivi jointi imetengenezwa ifanye kazi ikiwa imepinda, lakini maisha yake yanapungua kadiri inavyopinda zaidi. Kinachokufa kwanza si chuma bali ni buti, ule mpira wenye mikunjo. Mikunjo inasuguana, mpira unachanika, grisi inarushwa nje kwenye rimu, na vumbi linaingia. Baada ya hapo utasikia "tak-tak-tak" ukikata kona. Kwa kuinua inchi mbili, wengi huishusha difu ya mbele kwa vibakuli vya takriban milimita 25 ili kurudisha sehemu ya pembe. Nafasi ya chini inapungua kidogo, na kwangu hilo ni badilishano zuri.

Pili ni kasta. Mhimili ambao gurudumu linageukia ukikata usukani haukusimama wima, umelala kidogo kwa nyuma. Kulala huko ndiko kunakofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona na gari litulie kwenye mwendo. Ukiinua gari, kasta inapungua. Dalili yake unaijua barabara kuu: gari linatangatanga, kila upepo wa basi unalisogeza, na usukani hauna hamu ya kurudi katikati. Kwenye Hilux kuna bolti za kurekebishia kwenye wishiboni za chini, lakini ukifika inchi mbili mara nyingi zinaishia mwisho wake kabla hujapata kasta ya kutosha. Hapo dawa ni wishiboni za juu zilizotengenezwa kwa gari lililoinuliwa. Kwenye 79 ekseli ya mbele inashikwa na mikono miwili mirefu inayokwenda nyuma. Ukipandisha chesesi, mikono inateremka na ekseli yote inazunguka kwa mbele. Wanaojua wanaweka bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni, na kasta inarudi.

79 ina pia panhadi rodi, fimbo inayozuia ekseli ya mbele isitembee kushoto na kulia. Kwa kuwa ncha yake moja iko kwenye chesesi na nyingine kwenye ekseli, ukipandisha gari ekseli inavutwa upande mmoja kwa milimita chache. Panhadi inayorefushwa kwa nati ndiyo jibu. Bushi za panhadi zikilegea, pamoja na beringi za hapu (kitovu cha gurudumu) na tairodi (fimbo ya usukani), unapata lile tetemeko la kutisha: unapita juu ya kishimo kwenye lami ukiwa na kasi, na usukani wote unatikisika mkononi mpaka upunguze sana mwendo. Watu wanakimbilia kufunga shokapu mpya ya usukani. Tetemeko linatulia, na ugonjwa unabaki ndani ukiendelea kula. Inua ekseli kwa jeki, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mtu mwingine alale chini aangalie ni kiungo gani kinachocheza.

Tatu ni propela shafti, bomba la chuma linalopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi difu, lenye kiungo kiitwacho krosi kila upande. Krosi ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: ikizunguka ikiwa imepinda, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo sawa. Katika kila mzunguko mmoja unaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya pili, ile ya upande wa difu, ndiyo inayofuta kosa hilo, mradi pembe za pande zote mbili zilingane. Ukiweka shekeli ndefu na pua ya difu ikabadili mwelekeo, pembe hazilingani tena, na gari linaanza kutetemeka chini ya miguu yako kwa mwendo fulani tu, hasa ukikanyaga au ukiachia mafuta. Hilux ya milango minne ina propela ya vipande viwili yenye beringi ya katikati, na hiyo nayo inalalamika. Dawa ni kushusha kidogo beringi ya katikati, au kuweka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli ili pua ya difu irudi kwenye pembe yake. Kabla ya kubadilisha krosi nzima ambazo hazijaharibika, pima pembe.

Breki na uzito

Pikapu nyingi zisizo na mfumo wa kisasa wa kugawa breki kwa umeme zina kifaa kidogo karibu na ekseli ya nyuma, chenye fimbo au springi iliyounganishwa na chesesi. Kazi yake ni kujua kama gari limebeba mzigo. Nyuma ikilala, kifaa kinaelewa kuna mzigo na kinapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Nyuma ikiwa juu, kinapunguza nguvu ili magurudumu ya nyuma yasigande. Sasa wewe umeinua chesesi. Kifaa kinasadiki gari ni tupu siku zote, hata ukiwa na tani moja nyuma, na breki za mbele zinafanya karibu kazi yote. Kinachotakiwa ni kipande cha chuma cha kurefusha kishikizo chake kwa kiasi kile kile ulichoinua. Ni kazi ndogo sana, na nimeona magari mengi yaliyoinuliwa kwa pesa nyingi ambayo hayakufanyiwa. Muulize fundi wako kabla hajafungua nati ya kwanza.

Angalia pia mipira ya breki na waya za ABS. Mwambie fundi apandishe chesesi kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie kabisa, kisha akate usukani mwisho kushoto na mwisho kulia. Kama mpira wa breki umenyooka kama kamba ya ngoma, unahitaji mrefu zaidi.

Kuhusu uzito, springi ngumu hazikuongezei tani. Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kibati cha gari, na umehesabiwa kwa chesesi, ekseli, beringi na breki, pamoja na springi. Lita 80 za dizeli ni karibu kilo 67. Madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40. Ongeza bampa ya chuma, winchi, spea mbili, hema la juu, friji na betri ya pili, na Hilux yako imekula nusu ya mzigo wake kabla abiria hawajapanda. Wengine wanaweka mifuko ya upepo ndani au juu ya springi za nyuma ili gari lisilale. Mifuko inainua nyuma kweli, lakini inapeleka nguvu kwenye nukta moja ya chesesi. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, labda na trela imefungwa, chesesi inakunjika nyuma ya kabini. Ukiona mwanya kati ya kabini na bodi ya mizigo umekuwa mpana juu kuliko chini, simamisha gari.

Springi zinauzwa kwa uzito: zipo za gari tupu, za kilo 300 za kudumu, na za zaidi. Chagua kwa mzigo unaokaa kwenye gari siku zote. Usichague kwa safari moja ya mwaka. Springi ya kilo 300 kwenye gari tupu inaruka juu ya makunyanzi ya barabara, tairi linaachia ardhi, na kona ya changarawe inakuponyoka.

Tairi kubwa lina deni lake

Tairi la 285/70R17 kwenye gari lililotoka na 265/65R17 ni kubwa kwa asilimia 7. Kama spidimita ilikuwa sahihi kabla, ikisoma 100 sasa unakwenda 107. Kilomita za sevisi nazo zinahesabiwa pungufu. Gia zote zimekuwa ndefu kwa asilimia hiyo hiyo, kwa hiyo utaiona gia ya tano ikikosa nguvu kwenye mlima uliokuwa unaupanda bila wasiwasi, na klachi inateseka kwenye kuondoka. Breki pia zinafanya kazi zaidi, kwa sababu tairi kubwa lina mkono mrefu zaidi wa kuvutia dhidi yake na uzito zaidi wa kusimamisha.

Kwa safari nyingi za kwetu, tairi la meno ya kati, yale yanayofaa lami na vumbi, linatosha. Meno makubwa ya tope yanaimba kwenye lami na yanakamata vibaya mvua ikinyesha juu ya lami. Ubavu mgumu ndio muhimu zaidi. Njia ya kwenda Ziwa Natron kupitia Engaruka inachana tairi kwa mawe ya pembeni, si kwa juu.

Upepo ndio marekebisho ya bei rahisi kuliko yote. Kwenye mchanga mzito shusha mpaka psi 18 au chini kidogo. Tairi linarefuka linapokanyaga, na gari linapita juu badala ya kuchimba. Endesha polepole, usikate kona kali, na ujaze tena kabla ya lami, maana tairi lenye upepo mdogo kwenye kasi linachemka ndani na kupasuka. Kwenye makunyanzi, kama yale ya njia ya Ngorongoro kwenda Serengeti, kushusha upepo kidogo kunaokoa shokapu. Shokapu ikipiga mapigo madogo kwa saa nzima mafuta yake yanachemka, yanatoka povu, na kwa muda huna shokapu. Simama, usiziguse kwa mkono mtupu, ziache zipoe. Udongo mweusi wa mbuga ni kesi nyingine. Ukilowa unaziba meno ya tairi na kuwa gurudumu la udongo mtupu. Kushusha upepo kunasaidia kidogo, minyororo inasaidia zaidi, na mara nyingi dawa ni kusubiri jua.

Fowili na loki

Hilux na 79 zote zina fowili ya kuunganisha unapohitaji, na hakuna difu ya katikati. Ukiunganisha, propela ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja. Kwenye kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo kitu kinapaswa kuteleza. Kwenye mchanga tairi linateleza. Kwenye lami kavu haliwezi, na nguvu inajibana ndani ya gia boksi, krosi na difu mpaka kitu kiachie. Ndiyo maana fowili haiwekwi kwenye lami kavu, hata kwa majaribio.

Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili. Gurudumu moja likining'inia hewani halihitaji nguvu yoyote kuzunguka, na mwenzake aliyekanyaga jiwe anapata hiyo hiyo karibu sifuri. Loki ya difu inayafunga yote mawili. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu, kati ya kuinua inchi nne na loki ya nyuma, namshauri loki. Kenya kuna mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa Aberdare: magari yana saa 10 kufika vituo 13, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi zaidi. Pale kila mzunguko wa kukwepa bonde unahesabika, kwa hiyo gari linapita moja kwa moja kwa loki, winchi na bodi iliyokatwa ncha. Ni gari la kazi moja. La kwako lina kazi ya kwenda Namanga Jumatatu na kubeba saruji Jumanne.

Gia ya chini ya fowili inapunguza mwendo kwa takriban mara mbili na nusu. Itumie mapema, kabla hujakwama, na gari litapanda kwa utulivu bila kuchoma klachi. Na kwenye 79 yenye hapu za kufunga kwa mkono, zifunge mara moja kwa mwezi na uendeshe kilomita kadhaa kwenye vumbi. Mafuta yanarushwa juu ndani ya difu ya mbele na vyuma havikai vikavu.

Maji

Mkonga unaokoa injini kwa sharti moja: kila kiungo kati ya kichwa cha mkonga na boksi la filta kiwe kimezibwa. Kibano kimoja kilicholegea kinavuta maji ambayo hayabanwi ndani ya silinda, na koni rodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda. Kwenye msimu wa kiangazi mkonga huo huo unavuta hewa ya juu yenye vumbi pungufu, na hiyo ndiyo kazi yake ya siku nyingi zaidi.

Kitu kinachosahauliwa ni brida, tundu la kupumulia la difu. Difu iliyotembea kilomita nyingi ina joto. Ukiiingiza kwenye mto baridi, hewa ndani inasinyaa ghafla na kuvuta chochote kilicho karibu, kupitia brida au sili. Mpira mwembamba unaounganishwa na brida na kupandishwa mpaka juu, ndani ya boneti au nyuma ya taa, unamaliza tatizo. Fanya hivyo kwa difu zote mbili, gia boksi na boksi la fowili. Baada ya kuvuka maji marefu, fungua nati ya kujazia difu na chovya kidole. Mafuta yakiwa meupe, maji yameingia. Usisubiri sevisi, badilisha. Kanyaga breki kidogo kidogo ukiwa unatembea ili zikauke.

Matunzo yenyewe

Grisi ndiyo ya kwanza. Propela ina nipo, yaani vitundu vya kupigia grisi, kwenye krosi na kwenye sehemu inayoteleza. Kila kilomita 5,000, na mara tu baada ya tope au maji, piga grisi mpya mpaka ya zamani itoke. Kwenye 79, ukiona mafuta yanatoka kwenye lile duara la chuma nyuma ya gurudumu la mbele, sili ya ndani imeachia na mafuta ya difu yanayeyusha grisi ya beringi. Hiyo ni kazi ya kufungua upande mzima, na ukiichelewesha utanunua na beringi.

Filta ya hewa usiigonge kwenye tairi. Ipulize kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, na ikishapulizwa mara chache, nunua mpya. Hilux ya komon reli inahitaji dizeli safi kuliko 79 yenye injini ya 1HZ na pampu ya kizamani, kwa hiyo mwaga maji ya filta ya dizeli mara kwa mara, hasa ukijaza kutoka kwenye mapipa. Ukipita nyasi ndefu zilizokauka, chungulia chini ya gari kila ukisimama. Nyasi zinajikusanya juu ya kinga za chini na kuzunguka ekzosi, na zinaweza kuwasha gari zima. Mbegu zake zinaziba rejeta. Wavu mwembamba mbele unazikamata.

Kwenye kamba na winchi niseme moja tu: usivute kwa lile tufe la chuma la kukokotea trela. Likikatika linaruka kama risasi na limeshaua watu. Tumia ndoano zilizofungwa kwenye chesesi kwa bolti halisi. Winchi iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limejaa. Gari la tani tatu linataka tani nne na nusu.

Na kuna hatua moja ya kufunga ambayo inaharibu kazi nzuri. Fundi anaweka springi mpya gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, na hapo hapo anakaza bolti zote za bushi kwa nguvu. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti, inajikunja. Ukiikaza gurudumu likiwa limening'inia, ukishusha gari mpira unakuwa umesokotwa muda wote, na baada ya miezi michache umechanika. Bolti hizo zikazwe kwa mkono tu mpaka gari lishuke chini, litikiswe, likae kwenye urefu wake wa kawaida. Halafu ndipo zikazwe kwa spana ya kupimia. Yubolti za springi za nyuma zikazwe tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000, kwa kuwa pande za chuma mpya zinakaa vizuri na kulegeza nati. Siku hiyo hiyo fanya alaimenti, shusha taa za mbele kwa kipimo, na uwajulishe watu wa bima kwamba gari limebadilishwa.

Kisha chukua rangi nyeupe na uchore mstari mwembamba unaopita kwenye kila nati na chuma iliyokalia. Ukirudi safari, lala chini na tochi: nati yoyote ambayo mstari wake umekatika imesogea, na hiyo ndiyo ya kukaza kabla gari halijatoka tena.